Fundi wa Chokaa na Ukuta Wangu wa Kijani

Hakuanza na wewe. Alianza na ukuta. Ungemkaribisha nyumbani, ukasogeza kiti, ukajitahidi kuonekana mwenyeji wa maana. Yeye angepita mbele yako kama mtu anavyopita mbele ya mbuzi aliyefungwa kwenye mti, akaenda kuweka shavu lake la kushoto ukutani, akafumba macho, akatulia. Baada ya hapo ndipo angegeuka na kuuliza habari za watoto. Wanaume wa mji wetu wa Kasongo walizoea. Wake zao walicheka, maana hapakuwa na mke mjini aliyewahi kuwekewa shavu na mumewe kwa upole namna ile.

Sisi wote tulimwita Fundi wa Chokaa. Jina analo, na waliompa walikuwa na sababu zao, lakini hata wakeze walimwita Fundi. Sikuwahi kumuuliza katoka wapi wala ni mtoto wa nani. Kuuliza kungenilazimu kwenda kwake, na mimi si mtu wa kwenda. Nilisoma kwa mapadri mpaka sekondari, wakanifundisha kwamba dunia ni mviringo, nikaona basi hakuna haja ya kuizunguka ikiwa mwisho wake ni kurudi palepale nilipokaa. Nilipata kazi ya ukalani kwenye ghala la pamba, mwendo wa sigara moja kutoka kwangu, na hata huo mwendo niliulalamikia.

Fundi alipiga lipu na kupaka rangi katika mji wote, na Kabambare pia walimwita. Alifanya kazi amevaa kanzu nyeupe. Chokaa nyeupe, kanzu nyeupe, alisema, basi ugomvi uko wapi? Mikono yake ilikuwa imeliwa na chokaa mpaka vidole vikakosa mistari. Siku ile kila mtu alipotakiwa kutia alama ya kidole kwenye kitabu cha serikali, kidole gumba chake kiliacha doa la mviringo kama punje ya njegere, na kalani wa boma akamrudisha mara nne akidhani anafanya mzaha.

Neno lake kuu lilikuwa "kufunga". Kwake yeye, lipu mpya haikuwa ukuta bado. Ilikuwa kitu chenye mdomo wazi. "Iko na kiu," alisema. "Ukiipa rangi leo, itakunywa mafuta yote, itakuachia vumbi. Na ndani iko na maji yake, yale maji inatafuta njia ya kutoka. Sasa weye unaiwekea rangi puani. Itapumua wapi?" Kwa hiyo kwanza ukuta uachwe. Siku za mwanzo alitundika mikeka yenye maji madirishani ili jua lisiupasue. Kisha madirisha wazi, upepo upite. Kisha kungoja. Kuta nyingine zilitoa unga mweupe kama chumvi, na hapo watu walichukua kitambaa cha maji wakafuta. Fundi alikasirika sana alipoona hivyo. Unga ule alitaka ufagiliwe kwa burosi kavu, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka uishe wenyewe. "Ukiipa maji," alisema, "inarudi ndani kulala."

Mfukoni mwa kanzu alikuwa na kipande cha kioo cha dirisha, ukubwa wa kiganja, kimefungwa katika kitambaa. Alikiita Shahidi. Ukimwambia ukuta umekauka, hakubishana. Alikibandika kioo ukutani, akaziba kingo zake kwa nta ya nyuki, akaenda zake. Asubuhi alirudi akakitazama. Kikiwa na jasho kwa ndani, alikibandua, akakipangusa, akasema neno moja: "Bado." Kisha alidai chai.

Na hapo ndipo sikumwelewa mtu yule. Huyo aliyeweza kungoja ukuta miezi mitatu hakuweza kungoja kikombe cha chai kipoe. Alikimeza kikiwa moto wa kuunguza, akapiga kelele, akatukana majani ya chai, akameza tena. Alioa kwa haraka na kuachana kwa haraka. Nilihesabu wake watatu katika miaka niliyomfahamu, na wa pili alimwoa baina ya sala mbili, au hivyo ndivyo walivyosema wabaya wake. Nilimtania siku moja: "Fundi, mbona kwa wanawake hukubandika kioo?" Akafikiri kweli, amekunja uso. Akajibu, "Kingevunjika."

Alikuwa Mwislamu wa kuswali. Mapadri walimwita kanisani, mashehe walimwita msikitini, na pande zote mbili aliwaambia kitu kilekile, kwamba bado. Padri mmoja mzee, Mompe kama tulivyowaita mapadri wote, alimpenda kwa ubishi wake. Walikuwa wakisimama mbele ya ukuta wa sakristia kama watu wawili wanaotazama mgonjwa.

"Fundi, Pasaka inakuja."

"Ije tu, Mompe. Itakuta ukuta na iko palepale."

Kule Kabambare, Mbelgiji mmoja mwenye duka alimpa kazi ya kupiga lipu, kisha akamwamuru apake rangi ya samawati baada ya wiki mbili. Fundi akakataa. Mbelgiji akasema nyumba ni yake, akatafuta mtu mwingine akapaka. Fundi alikuwa bado na kazi jirani na pale, na kila siku alipopita alitazama upande wa pili, kama unavyopita penye mtu anayeoga. Mvua zilipokuja, rangi ikajikunja, ikaanguka vipande vipande juu ya magunia ya unga. Watu wakaja kumchokoza: "Eh Fundi, leo moyo umepoa?" Akawageukia, macho mekundu. "Upoe namna gani? Ile lipu ni mimi nilipiga. Ile ukuta ni ya kwangu."

Haya yote niliyajua. Naandika hivyo ili msiseme nilifanya nilichofanya kwa ujinga.

Nilikuwa nimejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, bati juu, vyumba vitatu na sebule, na Fundi alikuwa ameipiga lipu ndani yote. Mimi na mke wangu tulihamia jikoni, kibanda cha uani, tungoje. Hebu fikiria mtu wa ndani kama mimi, aliyejenga ndani yake mwenyewe, akifukuzwa humo na ukuta. Nililala nimekunja miguu kwa sababu ya mafiga. Asubuhi nilikwenda kazini ninanuka moshi kama samaki wa mto Lualaba.

Na mke wangu alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza. Kwao ni Kabambare. Desturi ya kwao, mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mke, isipokuwa mume awe na nyumba kamili ambayo mama mkwe mwenyewe ameingia, ameketi, ameridhika. Mama mkwe alituma maneno kwa dereva wa lori: "Nakuja kuangalia hiyo nyumba. Nikiikuta imeisha, nabaki nampokea mutoto hapo Kasongo. Nikiikuta ghala, narudi na binti yangu." Na nyumba isiyopakwa rangi, kwake, ilikuwa ghala.

Naweza kusema nilihofia upweke, au upishi wangu mwenyewe, na vyote ni kweli. Lakini hasa niliogopa ile barabara. Lori la pamba, madaraja ya magogo, na mke wangu juu ya magunia na tumbo la miezi minane. Sikutaka apande lori lile.

Nilimwita Fundi. Akaweka shavu. Akabandika Shahidi. Asubuhi kioo kilikuwa kimelowa kama paji la uso la mwizi.

"Bado, Kalani."

"Fundi, mama mukwe anakuja Jumanne."

"Karibu yake."

"Mutoto hatangoja!"

"Mutoto hapana kungoja, ukuta hapana kukimbia. Mimi nifanye nini? Mwambie mama ukweli. Mwambie nyumba iko inakauka."

"Weye hujui mama mukwe wangu."

"Nilikuwa nao watatu," alisema kwa huzuni, akanywa chai, akaungua.

Ghalani kulikuwa na mabaki ya rangi ya mafuta, ya kijani, iliyopakiwa milango. Nilimwomba msimamizi, akanipa. Jumamosi, Fundi akiwa ng'ambo ya mji, niliingia na burosi nikapaka sebule yote peke yangu, kuta nne. Niliona aibu kidogo, na fahari zaidi. Mke wangu alisimama mlangoni, mikono juu ya tumbo.

"Baba, Fundi alisema bado."

"Fundi anasema bado hata kwa chakula kilichoiva."

"Chakula hapana. Chakula anakula moto."

Jumapili ilipendeza. Jumatatu iling'aa, na niliposhika, kidole kilinata kidogo. Nikajiambia ni joto. Jumanne mchana lori likafika.

Sasa lazima nieleze jambo moja, maana mtu asiyelijua ataona nilikuwa mwendawazimu. Kwa watu wa mke wangu, mkwe haingii alipo mama mkwe, hamtazami usoni, hasemi naye neno ila kupitia mtu mwingine. Ni heshima, na mimi niliishika vizuri kwa kuwa inaniruhusu kukaa pembeni. Basi mama mkwe akaingia sebuleni kwa heshima zote, kavaa kitenge chake kizuri, cheupe chenye maua mekundu, kipya kabisa. Mke wangu akamwekea kiti, akaenda jikoni kuchukua maji. Mimi nilikuwa uani, nyuma ya dirisha. Nikaona kiti kilipowekwa, karibu na ukuta. Nikaona mama anajisogeza nyuma, polepole, kama mtu aliyesafiri siku nzima na anayetafuta mahali pa kuegemeza mgongo.

Nani angemwambia? Hakuna mtu wa tatu. Nikakohoa. Akasikia, akadhani ni mkwe wake anamsalimu kwa mbali kwa adabu, akajibu kwa kukohoa naye. Nikakohoa zaidi. Akaridhika zaidi, akajiegemeza mwili wote, mgongo na kichwa, akapumua.

Mke wangu aliporudi na maji, mama alitaka kusimama kuyapokea. Ukuta haukumwachia. Ulimwachia baadaye, kwa sauti ya ngozi ya ndizi inayobanduliwa, na mgongoni mwake ukampa rangi yote, na ukutani pakabaki mama mkwe mwingine, mweupe, kuanzia kiunoni mpaka kwenye kilemba.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Alivua kitenge cha juu, akakikunja kijani ndani, akamwambia binti yake kwa sauti ambayo mimi uani nilikusudiwa kuisikia: "Mwambie mukwe wangu, asante, nimeona nyumba. Hii ni nyumba inavaa nguo za wageni. Tunakwenda. Siku nitaketi humu na nitoke na nguo zangu, siku hiyo nitakurudisha weye na mutoto. Mbele ya hapo, hapana."

Na walikwenda, kesho yake, kwa lori. Nilimtengenezea mke wangu kiti cha magunia. Aliniambia, "Usiogope, baba." Nami nikamwambia siogopi.

Fundi alikuja mchana huohuo. Mara ya kwanza katika maisha yake hakuweka shavu. Alinusa tu. Akachovya kidole katika kijani, akakisugua kwa kidole kingine, kikatoa povu.

"Umepika sabuni, Kalani," alisema. "Chokaa iko hai bado. Imekula mafuta ya rangi yako, imefanya sabuni. Sabuni muzuri. Ungeiuza sokoni."

Nilingoja matusi. Nilikuwa nimeyaandaa majibu yangu. Akatoa mfukoni vyuma viwili vya kukwangua, akanipa kimoja, akaanza pembeni kushoto. Mimi nikaanza upande wa kulia. Tulikwangua wiki tano, yeye kabla ya kazi zake na mimi baada ya zangu. Hakucheka hata kidogo kwa sababu aliniona ninavyosikiliza kila lori linapoingia mjini. Siku dereva alipopita na kusema, "Ni mutoto muke, mama yake iko muzima," Fundi alikaa chini, akafunika uso kwa kanzu, na hapo ndipo akacheka. Alicheka juu ya kile kikohozi, juu ya mama mkwe wa ukutani, alicheka mpaka saa ya sala ikampita, naye akanilaumu kwa hilo.

Nilikwenda Kabambare mara mbili, mimi niliyelalamikia mwendo wa sigara moja. Nilimwona binti yangu kwa kuvizia, wakati bibi yake akiwa shambani. Alikuwa na masikio yangu, maskini. Kila niliporudi nilimwomba Fundi aharakishe, na kila mara kioo kilitoka na jasho. Kisha mvua zikaingia, naye akakataa kabisa kugusa ukuta mpaka zipite. Nilimchukia msimu mzima. Yeye alikuja kila Ijumaa baada ya sala, akaungua kwa chai yangu, akaenda.

Kiangazi kilipokolea, asubuhi moja kioo kilibanduka kikavu. Alikibandika mahali pengine, kikavu. Sehemu tano. Ndipo akasema, "Haya. Sasa tufunge."

Siku ya kwanza alinipa maji ya sabuni ya mawese, tukapaka kuta zote, nyembamba. Siku ya pili maji ya shabu, yale mawe meupe vinyozi wanayokaushia mkwaruzo wa wembe, yameyeyushwa katika maji ya moto. Sabuni na shabu, alisema, zikikutana ndani ya lipu zinashikana, ukuta unafumba mdomo. Kisha rangi iliyokatwa kwa mafuta mpaka ikawa kama maji, inywewe. Kisha rangi yenyewe. Nilitaka nyeupe. Alikataa.

"Kijani kilekile. Tusimwonyeshe mama kwamba tumekimbia."

Tangu zamani alikuwa amepanga kuhamia Nyangwe, kando ya Lualaba, kwa ndugu zake, apumzike. Aliahirisha. Sikumwomba, wala hakusema ni kwa ajili yangu. Alisema tu kwamba mitumbwi haina haraka. Hii siku ninayotaka kuieleza ndiyo ya mwisho mimi kumwona, kwa kuwa Nyangwe ni mbali na mnajua nilivyo.

Mama mkwe alifika na mke wangu na mtoto wa miezi kumi. Aliingia, akaketi, lakini mbali na ukuta, katikati ya sebule, mzigo wake umefungwa juu ya mapaja kama mtu anayengoja lori. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa chumba, jicho kwenye ufa. Fundi aliketi naye. Yeye desturi ile haikumhusu. Walisalimiana kama wafalme wawili. Mke wangu akaleta chakula, sombe, yale majani ya muhogo, yenye mawese mengi na samaki, na mama mkwe akawa anamlisha mtoto kwa vidole.  Mama mkwe alikula, akautazama ukuta. Akanawa, akautazama tena. Hakuugusa. Niliona mkono wake unashika fundo la mzigo, kuangalia kama limekaza.

Mtoto akateleza kutoka pajani. Alikuwa bado hatembei. Alitambaa, mikono yote miwili ina mawese mpaka kwenye viwiko, akafika ukutani, akajiinua, akapiga kijani kile kwa viganja viwili, pa, pa, akageuka kutuonyesha alivyosimama.

Mke wangu akashika mdomo. Mimi nyuma ya mlango niliona alama mbili nyekundu, mafuta yanateremka, nikajua yataingia. Mawese hayatoki kwenye ukuta. Nikaona lori, barabara, mwaka mwingine.

Fundi hakuinuka mara moja. Alimeza chai yake, akatukana kidogo. Kisha akaenda, akachuchumaa kando ya mtoto, akachukua pindo la kanzu yake nyeupe, ile kanzu, akapangusa. Mara moja. Ukuta ukabaki kijani, mtupu, unang'aa, na pindo likawa jekundu. Aliitazama sehemu ile kwa muda. Akaweka shavu.

"Mama," alisema bila kufumbua macho, "imefunga."

Kisha, mtu yule wa makamo aliyewakatalia mapadri na Wabelgiji, akauchukua mkono wa binti yangu, akauchovya katika bakuli la sombe, akaupiga ukutani tena. Pa. Akapangusa. Mtoto akacheka, akataka tena. Pa. Akapangusa. Kanzu ikaharibika kabisa.

Mama mkwe alitazama mchezo huo mpaka mara ya nne. Halafu akaweka mzigo wake sakafuni, akasogeza kiti hadi ukutani, akachovya kidole chake kimoja, kirefu, katika mawese, akachora mstari kwenye kijani, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia. Akaufuta kwa kiganja. Akaangalia kiganja. Akaangalia ukuta. Akageuza kiti, akajiegemeza, mgongo na kichwa.

"Mwambie mukwe wangu," alimwambia Fundi, "aache kusimama nyuma ya mulango. Aende anitafutie mahali pa kulala."

Nyuma ya mlango, nikakohoa.